Herufi Juu ya Maneno: Historia Fupi ya Akordi na Nota Katika Nyimbo Zetu



Katika kwaya nyingi za parokia zetu, kitabu cha nyimbo kimehamia siku hizi ndani ya simu. Mpiga gitaa huiweka simu juu ya goti, kiongozi wa wimbo huishika mkononi, na wimbo mpya hufika kwa ujumbe kutoka parokia nyingine: maneno chini, herufi juu yake. Tunasoma C, halafu B, halafu Am. Kila anayepiga gitaa anaijua C, na Am anaijua pia. Lakini ile B iliyosimama katikati yao ni kitu gani? Je, ni akordi nzima, yaani si, re diyezi na fa diyezi zikipigwa pamoja? Au ni nota moja tu, ile si ambayo besi huipitia inaposhuka kutoka do kwenda la?

Tofauti si ndogo. Wimbo ukiwa katika ngazi ya do, nota moja ya si hupita kwa upole, wala hakuna anayeshtuka. Akordi nzima ya B huleta diyezi mbili ambazo si za ngazi hiyo. Waimbaji wanaoshika re na fa za kawaida hujikuta wanashindana na gitaa, na waamini husikia vurugu pasipo kujua chanzo chake. Aliyeandika alijua alichokusudia. Anayesoma hana njia ya kujua.

Mtu angeweza kudhani kwamba hili ni tatizo lililoletwa na simu. Sivyo. Wanadamu wamejiuliza kwa zaidi ya miaka elfu moja jinsi ya kuiweka sauti juu ya karatasi, na katika miaka mia nne iliyopita wamejiuliza hasa swali hili letu: alama hii ni ya nota moja au ya nota nyingi pamoja? Tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua, kwa maana mwishoni tutaona kwamba kuna jambo kubwa kuliko gitaa moja lililopiga vibaya.

Alama za kumkumbusha anayejua

Mtakatifu Isidore, askofu wa Sevilla, aliyefariki mwaka 636, aliandika kwamba sauti zisiposhikwa na kumbukumbu ya mtu hupotea, kwa kuwa haziwezi kuandikwa. Wakati wake maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Nyimbo za Misa zilikaa katika vichwa vya waimbaji, na mwimbaji mzee alipokufa bila wanafunzi, nyimbo zake zilizikwa pamoja naye.

Katika karne ya 9 watawa wa Ulaya walianza kuweka alama ndogo juu ya maneno ya nyimbo. Alama hizo huitwa neuma. Zilionyesha mahali sauti inapopanda na inaposhuka, lakini hazikusema inapanda kwa kiasi gani, wala inaanzia wapi. Mtu aliyeujua wimbo tayari aliziona na kukumbuka. Mtu ambaye hajawahi kuusikia hakuweza kuuimba, hata akizitazama alama zile mchana kutwa.

Mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, alichoshwa na hali hiyo. Aliwaona waimbaji wanaotumia miaka kumi kujifunza na bado hawawezi kuimba wimbo mpya bila mwalimu kuwaimbia kwanza. Takriban mwaka 1026 alikamilisha kitabu chake kiitwacho Micrologus. Alizipanga alama juu ya mistari, na kila mstari ukawa na sauti yake. Mstari wa fa aliupaka rangi nyekundu, na ule wa do rangi ya manjano. Tena alichukua silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, akapata ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikabadilishwa kuwa do, na si ikaongezwa. Papa Yohane XIX alimwita Roma, akakitazama kitabu chake cha nyimbo, naye mwenyewe akaimba mstari ambao hakuwa ameusikia kamwe. Guido aliandika kwamba kwa njia yake muda wa mafunzo ulipungua hadi mwaka mmoja, au miwili kwa wingi.

Tulishike vizuri jambo hili. Ugunduzi wa Guido ulikuwa kuiandika nota moja moja kwa uhakika, ili mtu asiyeujua wimbo aweze kujifunza kutoka kwenye karatasi. Kabla yake karatasi ilikumbusha tu. Tangu wakati wake karatasi iliweza kufundisha.

Kitufe kimoja peke yake

Miaka mia tano na zaidi ilipita. Nyimbo zilikuwa za sauti nne, tano, hata nane, na kila sauti iliandikwa nota zake zote. Lakini makanisa madogo hayakuwa na waimbaji wa kutosha. Akikosekana mwenye tena au mwenye alto, wimbo ulibaki na pengo. Mfransisko mmoja wa Italia, Lodovico Viadana, alichapisha Venice mwaka 1602 mkusanyo wa nyimbo mia moja za kanisa zinazoweza kuimbwa na watu wachache, hata mmoja, huku mpiga kinanda akijaza pengo. Mpiga kinanda alipewa mstari wa besi tu. Nota nyingine za akordi alizitafuta kwa masikio na kwa ujuzi wake.

Wengine wa kizazi hicho waliweka tarakimu kwenye besi ili kumsaidia. Nota ya besi isiyo na tarakimu ilimaanisha: ongeza nota ya tatu na ya tano juu yake. Kwa hiyo do peke yake ilipigwa do, mi, sol. Mi yenye tarakimu 6 ilimaanisha: ongeza nota ya tatu na ya sita, yaani mi, sol, do. Hiyo ndiyo akordi ambayo mpiga gitaa wa leo huiandika C/E: akordi ya C, lakini mi iko chini.

Hapo ndipo swali letu lilipozaliwa. Ikiwa kila nota ya besi humaanisha akordi nzima, tufanye nini pale tunapotaka nota ile moja tu isikike, pasipo kitu juu yake? Waitalia waliandika maneno mawili: tasto solo. Maana yake ni kitufe kimoja peke yake. Mpiga kinanda alipoyasoma aliondoa mkono wa kuume na kuiacha besi iende yenyewe. Maneno mawili tu, lakini yalimwondolea msomaji shaka yote. Kijana aliyeandika B katikati ya C na Am angefanya vizuri kama angekuwa na tasto solo yake.

Alama moja, mapatano tofauti

Katika karne ya 18 na ya 19 walitokea watu waliotaka muziki uwafikie maskini wasioweza kununua vitabu vya mistari mitano. Jean-Jacques Rousseau alipeleka pendekezo lake mbele ya wataalamu wa Paris mwaka 1742: tarakimu 1 iwe do, 2 iwe re, na kuendelea hadi 7. Wafaransa Galin, Paris na Chevé waliiendeleza njia hiyo, na hadi leo China na makanisa mengi ya Indonesia huimba kwa tarakimu.

Uingereza, mwalimu mmoja wa mji wa Norwich, Sarah Glover, alichagua herufi za mwanzo za silabi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1835. Mchungaji John Curwen aliirekebisha njia yake na kuieneza: d, r, m, f, s, l, t. Silabi ya si iligeuzwa kuwa ti, ili isigombanie herufi s na sol. Wamisionari waliibeba njia hiyo hadi Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, aliutunga wimbo wake Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 na kuuandika kwa herufi hizo. Ndugu zetu wa Tanzania wanauimba kama wimbo wa taifa lao, kwa maneno ya Kiswahili. Sauti ile ilivuka bara zima kwa sababu mtu mmoja aliiandika nota kwa nota, na kwa herufi za bei rahisi ambazo kiwanda chochote cha uchapaji kilikuwa nazo.

Wataalamu wa akordi nao walikuwa na njia zao. Mjerumani Gottfried Weber, katika vitabu vyake vilivyotoka kuanzia mwaka 1817, aliziandika akordi kwa tarakimu za Kirumi, kubwa kwa meja na ndogo kwa mina. Marekani, wachapishaji wa nyimbo za watu wote waliandika majina ya akordi kwa herufi juu ya mistari ya nota: nota zikatoa sauti ya wimbo, herufi zikatoa akordi za kuusindikiza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Nashville, mwimbaji Neal Matthews alianza kuandika akordi kwa tarakimu za kawaida, ili kikundi chake kiweze kuhamisha wimbo kwenye ngazi nyingine bila kuandika upya.

Sasa angalieni. Mwimbaji wa Indonesia akisoma 1 4 5 huimba nota tatu: do, fa, sol. Mpiga gitaa wa Nashville akisoma 1 4 5 hupiga akordi tatu, kila moja ikiwa na nota zake tatu. Tarakimu ni zile zile. Hakuna aliyekosea, kila mmoja anafuata mapatano ya watu wake.

Sisi wa Kongo tunaishi mahali ambapo mapatano kama hayo hukutana. Kutoka Ubelgiji na Ufaransa tulipokea do isiyohama: do daima ni C, popote wimbo ulipo. Kutoka mashariki, kwa ndugu wa Tanzania na Kenya, tunapokea karatasi zenye do inayohama: herufi d ni nota ya kwanza ya ngazi yoyote ile, iwe ya C, ya F au ya sol. Tena d ndogo ya karatasi hizo husomwa do, lakini D kubwa ya mpiga gitaa ni re. Kijana wa Bukavu au wa Kalemie anayepokea wimbo kutoka ng'ambo ya ziwa asipojua hili, atapiga kitu kingine kabisa, na huenda akamlaumu mtunzi.

Kompyuta nayo inaulizwa swali lile lile

Kompyuta ilipoingia katika muziki, ilibidi ielezwe yote tangu mwanzo, kwa kuwa mashine haina mazoea ya kwaya wala masikio ya kubahatisha.

Mwaka 1983 viwanda vya vinanda vya umeme vilikubaliana juu ya lugha moja iitwayo MIDI. Kila nota ina namba kuanzia 0 hadi 127, na do ya katikati ya kinanda ni 60. Lugha hiyo inajua nota moja moja tu. Ukipiga do, mi na sol pamoja, huandika 60, 64 na 67. Jina la akordi halijui wala halihitaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Martin Leclerc na Mario Dorion walitengeneza programu ya kuchapa nyimbo za gitaa, na kutoka kwake ikatokea njia iitwayo ChordPro. Hadi hapo watu waliandika herufi za akordi katika mstari wa juu na kuzisogeza kwa nafasi tupu hadi zifike juu ya silabi inayofaa. Ninyi mnajua kinachotokea: ukubwa wa maandishi ukibadilika, au wimbo ukifunguliwa katika simu nyingine, herufi zote huhama, na C inaangukia silabi isiyo yake. ChordPro huiingiza akordi ndani ya maneno yenyewe, katika mabano ya mraba, mbele ya silabi yake. Tuchukue mstari wa mfano tuliojitungia:

[C]Tumefika [G]mlangoni

Herufi haiwezi tena kuhama. Lakini tazameni: sauti ya wimbo iko wapi? Haipo. Mabano yanatuambia akordi mbili, wala hayatuambii hata nota moja ya kuimba.

Katika miaka hiyo hiyo Mwingereza Chris Walshaw alibuni njia iitwayo ABC kwa ajili ya nyimbo za asili za nchi za Ulaya. Yeye alizitenga nota na akordi kwa alama ndogo tu: herufi tupu ni nota moja, herufi ndani ya alama za kunukuu ni akordi. Mstari wetu, tukiupa sauti, huandikwa hivi:

"C"C E G G | "G"G B A G |

Maana yake: imba do mi sol sol, kisha sol si la sol, silabi kwa silabi, gitaa lipige C mwanzoni, kisha G. Herufi G imetumika kwa kazi mbili, lakini hakuna anayechanganyikiwa. Na maandishi haya yote yanaingia katika ujumbe wa kawaida wa simu. Njia hiyo hutumia mabano ya mraba pia, lakini kwa kusudi jingine: [CEG] ni nota tatu zinazopigwa pamoja. Kumbe hata mabano hayana maana yenyewe. Yana maana ambayo watu wamekubaliana.

Tunaweza kuitaja pia MusicXML, iliyotolewa mwaka 2004 ili programu mbalimbali za muziki zipokezane kazi. Ndani yake kuna mahali pa nota, mahali pa kusema kwamba nota hii hupigwa pamoja na ile iliyotangulia, na mahali pengine kabisa pa jina la akordi. Ni jibu lile lile la tasto solo: usimwache msomaji abahatishe.

Kile tunachoweza kupoteza

Sasa tunafika kwenye jambo lile kubwa. Karatasi nyingi za nyimbo zinazozunguka katika simu zetu zina maneno na herufi za akordi, basi. Zina alama juu ya maneno, na alama hizo humsaidia yule tu ambaye ameshausikia wimbo. Yaani, pamoja na kompyuta na simu zetu zote, tumerudi kabla ya Guido. Karatasi zetu zinakumbusha, hazifundishi.

Leo hatuoni hasara, kwa sababu wanaozijua nyimbo wako hai. Mama mwenye soprano yuko, mzee wa besi yuko. Lakini tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa mwaka 1963 hati yake juu ya Liturujia na kutaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, nyimbo nyingi zimetungwa katika lugha zetu, na si zote zilizoandikwa nota. Mtunzi akifa, akituachia C, F, G na maneno, nani ataufufua wimbo? Akordi tatu hizo zinaweza kubeba sauti elfu tofauti. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Historia ya nchi yetu inatupa mfano wa kututia moyo. Huko Kamina, Katanga, Mfransisko Mbelgiji, Padri Guido Haazen, alianzisha kwaya ya wavulana na walimu wao, na mwaka 1958 waliimba Misa yenye maneno ya Kilatini na sauti za kwetu. Ndiyo Missa Luba. Haikutungwa na mtu mmoja mezani. Ilizaliwa midomoni mwa waimbaji wenyewe, kila sauti ikitafuta njia yake kama desturi ya wazee ilivyowafundisha. Mwaka ule ule ilirekodiwa, na baadaye ikachapishwa kwa nota, hata kwaya za nchi za mbali zikaiimba. Nota hazikuweza kubeba kila kitu. Pumzi ya wavulana wale na uhuru wa ngoma vinasikika katika sauti iliyorekodiwa tu. Lakini kama kingesalia kipande cha karatasi chenye maneno na herufi za akordi peke yake, Misa ile ingekuwa leo jina katika vitabu.

Kwa hiyo tunawaomba, ninyi mnaoandika nyimbo katika simu na kompyuta za vikundi vyenu, mshike mambo machache. Juu kabisa andikeni ngazi ya wimbo, na mseme kama do yenu inahama au haihami. Akordi ziwekeni katika mabano, ndani ya maneno, mbele ya silabi yake. Nota moja ya besi isiandikwe kama akordi: andikeni C/B, au andikeni wazi "besi: si". Pale gitaa linaponyamaza, semeni kwamba linanyamaza. Na chini ya ubeti wa kwanza ongezeni mstari mmoja wa nota za sauti ya wimbo, kwa do re mi au kwa njia ya ABC, hata kama ninyi wenyewe mnaujua wimbo kwa moyo. Jina la mtunzi lisikosekane.

Kisha fanyeni jaribio alilolifanya Papa Yohane XIX. Mpeni karatasi yenu kijana wa parokia nyingine ambaye hajawahi kuusikia wimbo, mkae kimya, mmwache asome. Akiimba kama mnavyoimba ninyi, kazi yenu imekamilika. Akisita mahali, msimsahihishe yeye; sahihisheni karatasi.